Injini Ndogo na Sheria ya Mwenye Roketi

Tarehe 12 Desemba 1961, roketi ya Thor-Agena iliruka kutoka pwani ya California ikiwa imebeba setilaiti ya kijeshi ya Marekani, Discoverer 36. Ili mzigo wa roketi usiegemee upande mmoja, wahandisi hupakia vipande vya chuma vya kusawazisha uzito. Safari hiyo kipande kimoja kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa kisanduku cha kilo 4.5 hivi kilichoundwa na mafundi wa redio za ridhaa. Kisanduku hicho, OSCAR 1, kilijitenga na roketi kikaanza kuizunguka dunia peke yake. Kwa muda wa wiki 3 hivi kilituma salamu ya herufi mbili kwa alama za Morse hadi betri ikaisha, na mwishoni mwa Januari 1962 kilirudi kwenye hewa nzito ya dunia kikateketea. Hakikuwa na injini ya aina yoyote. Kilikwenda kule kilikotupwa, kikabaki huko kwa muda ambao hewa iliamua. Hali hiyo ya mwaka 1961 ndiyo iliyokuwa hali ya setilaiti ndogo karibu zote kwa miaka 40 iliyofuata, na swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini.

Jibu lililozoeleka ni la kiufundi: injini zilikuwa kubwa, setilaiti zilikuwa ndogo, na ilibidi kusubiri mpaka wahandisi wapunguze vali, matangi na nyaya vitoshe kwenye kisanduku cha ukubwa wa tofali. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, na kwa maoni yangu linaficha sababu iliyokuwa nzito zaidi. Setilaiti ndogo ilikuwa abiria aliyepewa lifti. Roketi haikuwa yake, ratiba haikuwa yake, na pembeni yake palikuwa na mzigo wa mamilioni ya dola ambao mwenyewe hakuwa tayari kuona tangi la fueli ya mwanafunzi likipasuka karibu nao. Mwenye roketi ndiye aliyeamua nini kipande na nini kibaki chini. Kwa sababu hiyo historia ya injini ndogo za angani inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama historia ya sheria za usalama, na fueli zinazotumika leo zimechaguliwa kwanza kwa upole wao, kisha ndipo kwa nguvu zao.

Ushahidi wa kwanza ni kwamba sayansi ilitangulia mbali. Mwaka 1911 Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alikwisha kuandika kwamba huenda siku moja umeme utatumika kurusha chembe kwa kasi kubwa kutoka kwenye roketi. Tarehe 20 Julai 1964 Marekani ilirusha SERT I, chombo kilichobeba injini ya ayoni iliyobuniwa na Harold Kaufman, na injini hiyo ilifanya kazi kwa dakika 31 nje ya angahewa. Novemba ya mwaka huohuo Wasovieti walirusha Zond 2 kuelekea Mars ikiwa na vijiinjini vya plazima vinavyotumia Teflon, plastiki ileile inayopakwa kwenye kikaango ili chakula kisigande. Cheche ya umeme hupita juu ya kipande cha plastiki, hukwangua tabaka jembamba sana, na mvuke wake hutupwa nje kwa kasi. Hakuna tangi, hakuna bomba, hakuna shinikizo. Mwaka 1968 setilaiti ya Marekani LES-6 ilitumia vijiinjini vya namna hiyo kujiweka sawa kwenye nafasi yake, navyo vikafanya kazi kwa maelfu ya saa. Desemba 1971 setilaiti ya Kisovieti ya jamii ya Meteor ilipanda na injini ya plazima iliyotokana na kazi ya Alexey Morozov, ambayo vizazi vyake vinaruka hadi leo. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970, basi, misingi yote mikuu ilikwisha kujaribiwa angani.

Wala haja ya injini haikuwa fumbo, kwani ilijulikana kwamba hewa hafifu ya huko juu huishusha setilaiti. Sehemu ya maarifa hayo ilipatikana hapa kwetu, kwenye ghuba iliyo kaskazini ya Malindi, ambako Italia ilisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni. Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo kwa roketi ya Scout, jamii ileile iliyoibeba SERT I miaka 3 kabla. Luigi Broglio, profesa wa Roma aliyeuongoza mradi huo, aliiunda kama tufe ndani ya tufe: ganda jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonyumbuka. Hewa hafifu ya huko juu ilipolikinza ganda, ganda lilisogea kidogo sana kuelekea kiini, na kusogea huko kukapimwa kama kani. Yaani chombo kizima kilikuwa mzani wa kupima jinsi hewa inavyoikwamisha setilaiti. Mnamo Oktoba mwaka huohuo, hewa ileile iliyokuwa ikipimwa ikaishusha San Marco 2 na kuiteketeza. Miaka 3 baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa hilohilo lilirusha Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa utafiti wa miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Uhuru iliweza kujigeuza kwa kutumia sumaku zinazoshikana na usumaku wa dunia, lakini haikuweza kubadili njia yake. Ilishuka taratibu mpaka ikaungua mwaka 1979.

Kama sayansi ilikuwapo na haja ilijulikana, nani aliyethubutu kwanza kuiweka injini kwenye chombo kidogo kabisa? Mfano ulio wazi ni SNAP-1 ya Surrey, Uingereza, iliyorushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 28 Juni 2000. Ilikuwa na uzito wa kilo 6.5 tu. Ndani yake, badala ya tangi, kulikuwa na bomba la titani lenye urefu wa mita 1.1 lililozungushwa likakunjwa kufuata nafasi iliyobaki katikati ya vifaa vingine, na ndani ya bomba hilo gramu 32.6 za butani, gesi ya jamii ileile inayojazwa kwenye viberiti vya gesi. Butani hukaa kama kimiminika kwa shinikizo dogo, kwa hiyo bomba halikuhitaji kuta nene wala halikuwa tishio kwa majirani zake ndani ya roketi. Kazi ya SNAP-1 ilikuwa kumfukuzia mwenzake, Tsinghua-1, aliyeachiwa kutoka kwenye roketi hiyohiyo. Butani yote ile ilitosha kubadili mwendo kwa mita 2 hivi kwa sekunde, na kwenye mizingo ya chini kila mita 1 kwa sekunde hupandisha njia kwa kilomita 1.8 hivi. SNAP-1 ilipanda kilomita chache tu. Hata hivyo ilithibitisha kwamba chombo ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba mikononi kinaweza kuchagua njia yake. Wala hapakuwa na kifaa ndani ya injini hiyo ambacho hakingeweza kutengenezwa miaka mingi kabla.

Mwaka uliotangulia, 1999, Jordi Puig-Suari wa California Polytechnic na Bob Twiggs wa Stanford walikuwa wameandika vipimo vya setilaiti ya mchemraba: sentimita 10 kila upande, uzito wa kilo 1, ambao baadaye uliongezwa hadi kilo 1.33. Fikra yao kubwa zaidi ilikuwa sanduku la kurushia. Michemraba ingefungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye springi na mlango, na mwenye roketi asingehitaji kukagua kila kazi ya mwanafunzi, maana sanduku lingemlinda. Ili ahadi hiyo iaminike, ilibidi kuwe na masharti. Baruti zilikatazwa. Vyombo vya shinikizo, katika matoleo yaliyotumika kwa miaka mingi, havikutakiwa kuzidi angahewa 1.2, yaani juu kidogo tu ya hewa tunayoivuta. Nishati ya kikemia iliyohifadhiwa haikutakiwa kupita saa-wati 100. Mtu aliweza kuomba asamehewe sharti fulani, lakini maombi hayo yalidai majaribio, nyaraka na fedha, vitu ambavyo maabara ya chuo huwa navyo kwa uchache. Njia rahisi ilikuwa kuiacha injini. Mnamo tarehe 30 Juni 2003, michemraba ya kwanza ilipopaa kutoka Plesetsk, ikiwemo XI-IV ya Chuo Kikuu cha Tokyo na AAU CubeSat ya Denmark, ilikwenda kwenye mzingo wa kilomita 820 hivi pasipo injini yoyote.

Tazama sasa orodha ya fueli zilizofuata. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Toronto kilirusha CanX-2 ikiwa na heksafloridi ya salfa, gesi isiyowaka na isiyo sumu, na mwaka 2014 vyombo viwili vya chuo hichohicho, CanX-4 na CanX-5, vilitumia gesi hiyo kuruka sambamba kwa mpangilio, umbali kati yao ukianzia kilomita 1 hadi kushuka mita 50. Vyombo vya AeroCube-7 vilivyorushwa mwaka 2017 vilibeba maji, ambayo hupashwa moto yakatoka kama mvuke. MarCO, vyombo viwili vilivyokisindikiza chombo cha InSight hadi Mars mwaka 2018, vilibeba gesi inayotumika kwenye mitungi ya kuzimia moto, wahandisi wakaviita WALL-E na EVE kwa kuwa roboti WALL-E wa filamu yenye jina hilohilo alijisukuma angani kwa mtungi wa namna hiyo. Austria ilileta injini ya indiamu, metali ambayo hukaa kama kipande kigumu wakati roketi inapaa, kisha huyeyushwa huko juu kwenye joto la nyuzi 157 hivi. Na Novemba 2020 setilaiti ya China iliyoitwa Beihangkongshi-1 ilipanda na injini ya kampuni ya Kifaransa ThrustMe inayotumia iodini. Injini nyingi za ayoni hutumia zenoni, gesi adimu na ghali inayohitaji tangi la shinikizo kubwa. Iodini ni kitu kigumu. Inawekwa kwenye kikasha cha kawaida, na ikipashwa moto kidogo hugeuka mvuke bila kupitia hali ya umajimaji. Butani, maji, gesi ya kuzimia moto, plastiki, metali baridi, fuwele za iodini: hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mhandisi angeichagua kama kigezo chake kingekuwa nguvu peke yake. Zinaungana katika jambo moja, kwamba zinaweza kukaa kimya kando ya mzigo wa mtu mwingine.

Kama hoja hii ni ya kweli, basi setilaiti ndogo inayokodi roketi yake yenyewe ingetakiwa kuachana na fueli hizo za upole. Jambo hilo limetokea. Tarehe 28 Juni 2022 chombo cha NASA kiitwacho CAPSTONE, chenye uzito wa kilo 25 hivi, kiliruka kutoka rasi ya Mahia, New Zealand, kikiwa mzigo mkuu wa roketi ya Electron. Hakikuwa na jirani wa kumwogopesha, na ndani yake kulikuwa na haidrazini, fueli ya vyombo vikubwa, ambayo ni sumu kiasi kwamba mafundi wanaoijaza huvaa mavazi yaliyozibwa mwili mzima. Kwa fueli hiyo CAPSTONE ilifika kwenye mzingo wa Mwezi tarehe 13 Novemba mwaka huohuo. Chombo chenyewe kilikuwa bado cha jamii ya michemraba. Kilichobadilika ni nafasi yake ndani ya roketi: mgeni alikuwa amekuwa mwenyeji.

Mhandisi anaweza kunipinga kwa kusema kwamba nadharau ugumu wa kazi yenyewe, na pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito. Injini ya ayoni yenye msukumo wa milinewtoni 1, kani inayolingana na uzito wa gramu 0.1 hapa duniani, hudai makumi ya wati za umeme, ilhali mchemraba mmoja wa miaka ya 2000 ulipata wati chache tu kutoka kwenye paneli zake za jua. Mabomba membamba huziba kwa chembe isiyoonekana kwa macho. Lunar Flashlight, iliyorushwa Desemba 2022 kwenda Mwezini na fueli mpya isiyo na sumu kali, ilishindwa kufika kwa sababu, kwa maoni ya wahandisi wake, uchafu ulizuia njia za fueli kwenye mfumo uliochapishwa kwa mashine, tabaka kwa tabaka. Moja ya MarCO ilivujisha gesi njia nzima. Ugumu huo ni wa kweli, na unaeleza kwa nini injini za umeme zilisubiri paneli bora. Hauelezi kwa nini gesi baridi, inayoachiwa tu bila kuchomwa na ambayo karibu haihitaji umeme wowote, ilikosekana kwenye michemraba ya kwanza, wala kwa nini fueli zilizopendelewa ni zile zenye nguvu kidogo. Na hata ugumu wenyewe kwa sehemu ni mtoto wa sheria: kama haidrazini ingeruhusiwa tangu mwanzo, wahandisi wasingelazimika kutafuta mbadala mpya na kugundua magonjwa yake huko angani.

Pingamizi la pili ni kwamba setilaiti hizo hazikuhitaji injini. Zilikuwa vyombo vya kufundishia, vyenye kazi ya miezi michache, na kampuni ya Planet imeonyesha kwamba kundi zima la setilaiti za kupiga picha linaweza kupangwa kwa kugeuza paneli tu, ili moja ikamatwe zaidi na hewa na nyingine ipite wepesi. Ni mbinu ya busara, na inatumia nguvu ileile ambayo San Marco 2 iliipima. Ila mbinu hiyo hushusha tu, haipandishi, na hufanya kazi pale hewa inapopatikana. Juu ya kilomita 800 hewa ni hafifu mno kuwa msaada, na ushahidi ni XI-IV yenyewe, ambayo bado inazunguka zaidi ya miaka 20 baada ya kurushwa, haina uwezo wa kukwepa kitu chochote. Kazi ya miezi michache iliacha mzigo wa miongo. Aliyesema haihitaji injini alikuwa akihesabu mahitaji ya mwanafunzi, hakuhesabu mahitaji ya wengine wanaopita njia hiyo.

Wengine watasema kinyume, kwamba kumpa kila mtu injini ni kuongeza hatari, kwani chombo kinachoweza kujisogeza kinaweza pia kusogea vibaya. Isitoshe, injini haiponyi kila kitu. Februari 2022 dhoruba ya jua iliifanya hewa ya juu kuvimba siku moja baada ya setilaiti 49 za Starlink kurushwa, na karibu 40 kati yake zilianguka ingawa zote zilikuwa na injini za umeme. Hilo nakubali, na ndiyo maana sisemi kwamba sheria zile zilikuwa makosa. Bila sanduku na masharti yake, wenye roketi wasingefungua mlango kamwe, na leo kusingekuwa na michemraba ya kuzungumzia. Sheria zilichelewesha injini, na papo hapo zikawalazimisha wabunifu watafute injini ambayo inaweza kukabidhiwa kwa chuo kidogo bila jeshi la wazima moto. Ucheleweshaji huo uliuzaa usalama, na usalama ndio uliofanya teknolojia ienee. Kosa lilikuwa kuchukulia ukosefu wa injini kama tabia ya asili ya setilaiti ndogo, wakati ulikuwa sharti la tiketi tu.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitupwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018 na kuungua mwaka 2020. RWASAT-1 ya Rwanda mwaka 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022 zilipitia mlango huohuo, ambao una masharti makali kuliko yote kwa kuwa wanaanga wenyewe huishi karibu na mizigo hiyo. Kutoka kilomita 400 hivi, hewa hufanya usafi yenyewe ndani ya muda mfupi, lakini pia hukata kazi mapema. Taifa-1 ya Kenya ilipanda Aprili 2023 kama abiria mmoja kati ya wengi kwenye roketi ya Falcon 9. Nchi zinazotaka picha za mashamba na mito kwa miaka mfululizo zitahitaji kupanda juu zaidi na kukaa huko zaidi, na kadiri zinavyopanda ndivyo wajibu wa kushuka unavyokuwa wao. Septemba 2022 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba setilaiti za mizingo ya chini zinazohitaji leseni yake ziondoke ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi, badala ya miaka 25 ya mwongozo wa awali. Sheria iliyowahi kuizuia injini sasa inaanza kuidai.

Kwa hiyo vyuo na mashirika ya anga ya Afrika Mashariki yanayopanga setilaiti zao zijazo yaanze kazi kwenye mkataba wa roketi. Kabla ya kuchagua kamera, waulize fueli gani itakubaliwa ndani ya sanduku, majaribio gani ya shinikizo yatadaiwa, na nani atatia sahihi karatasi za usalama. Wafundishe wahandisi wa usalama kwa bidii ileile wanayowafundishia watengenezaji programu, kwa maana katika historia nzima ya injini hizi aliyejua kuandika hati ya usalama ndiye aliyeruhusiwa kuruka na fueli. Na serikali ziweke gharama ya injini kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, zikijua kwamba setilaiti isiyoweza kushuka yenyewe itaachwa kuzunguka juu ya vichwa vya wajukuu wa walioirusha.